Udongo Umeonewa

Kigwa, mashariki mwa mji wa Tabora, nyumba haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka sakafu imwagwe simenti. Matofali ya kuchoma yapo, bati lipo, madirisha yana nondo, lakini mgeni akikanyaga udongo tu, mwenye nyumba huanza kuomba radhi: "Karibu, bado tunajikongoja." Rai iliyozoeleka ni kwamba udongo ni uchafu na ufukara, na simenti ndiyo usafi na maendeleo. Rai hiyo imewafanya watu wengi walale juu ya vumbi miaka na miaka wakisubiri mifuko ya simenti, na wengine waimwage vibaya kwa haraka ya kuondoa aibu.

Nusu ya rai hiyo ni ya kweli, na sitaki kuificha. Udongo mtupu uliolegea unaumiza. Funza huzaliana vumbini. Mtoto anayetambaa hulamba mayai ya minyoo pamoja na kila anachookota. Na ukanda huu wetu una historia yake na papasi. Kigwa ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, Tura na Rubuga hadi Kazeh, yaani Tabora ya leo. Wavumbuzi wa Kizungu walipita hapa, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, na kabla yao na baada yao wapagazi wa Kinyamwezi wasiohesabika, wakilala kwenye vibanda vya njiani. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch aliwakuta papasi kwenye vibanda vya njia za misafara za nchi hii, wakati huo koloni la Wajerumani, na mwaka huohuo Joseph Dutton, Mwingereza aliyekuwa akiichunguza homa ya papasi, alifariki kwa homa hiyohiyo mashariki mwa Kongo. Papasi hujificha mchana, hutoka usiku kufyonza damu ya aliyelala, kisha hurudi mafichoni, na anaweza kukaa miaka bila kula.

Lakini tujiulize anajificha wapi. Anataka ufa mkavu au vumbi lililolegea la kujifukia. Funza naye anataka vumbi. Mayai ya minyoo yanataka mahali pasipodekika. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji udongo kwa kuwa ni udongo. Wanachohitaji ni sakafu iliyo wazi, yenye nyufa na isiyopigika deki.

Watetezi wa simenti wana ushahidi mzito, nao ni wa Mexico. Kuanzia mwaka 2000, katika jimbo la Coahuila, serikali iliziwekea familia maskini sakafu za zege. Watafiti walioandika matokeo mwaka 2009 walionyesha kwamba pale udongo wote wa nyumba ulipofunikwa kwa zege, maambukizi ya minyoo na vijidudu vya tumboni kwa watoto yalipungua kwa 78% na kuhara kwa 49%. Nazipokea takwimu hizo bila kusita. Ila soma walichopambanisha: udongo mtupu dhidi ya zege zima, lililomwagwa likafunika nyumba yote. Waliopona walipona kwa sababu walipata uso uliofungwa unaooshwa. Hakuna mahali utafiti huo unaposema kwamba uso huo lazima uwe wa simenti.

Na je, simenti inayomwagwa vijijini mwetu ndiyo ile ya Coahuila? Ingia nyumba yenye sakafu ya mwaka juzi, uchuchumae karibu na mlango. Utaona niru imebanduka kwa vipande vyembamba kama ganda la muhogo, na chini yake mchanga unachoteka kwa kidole. Gonga kwa kisigino katikati ya chumba, utasikia mlio wa uwazi: kifusi kimeshuka, simenti imebaki ikining'inia. Sababu zake kila fundi anazijua. Kifusi hakikushindiliwa. Jamvi la kokoto lilirukwa ili kuokoa fedha, mchanga ukazidishwa, na sakafu haikumwagiwa maji wiki nzima ili simenti ikomae. Kinachobaki ni nyufa, na ndani ya nyufa hizo papasi hana cha kulalamikia. Mwenye nyumba ametumia akiba ya msimu mzima wa tumbaku kununua kilekile alichokuwa akikikimbia.

Ipo njia nyingine, na imekwisha jaribiwa hapa jirani. Nchini Rwanda, tangu mwaka 2014, shirika liitwalo EarthEnable limekuwa likiweka sakafu za udongo ulioshindiliwa na kuzibwa kwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa gamba gumu lisilopitisha maji. Wenyewe wanasema gharama yake ni pungufu ya zege kwa takriban 70%. Sakafu hizo zinadekiwa. Hazitoi vumbi.

Kazi yake haina siri, ila haitaki haraka. Udongo wa juu wenye mizizi na samadi unaondolewa wote. Unawekwa moramu, unanyunyiziwa maji kidogo, unashindiliwa mpaka kisigino kisiache alama, na pima maji inapitishwa kila upande. Juu yake huja tabaka jembamba la mchanga uliochekechwa na udongo mfinyanzi, mchanga ukiwa mwingi zaidi, karibu robo tatu. Udongo wa kichuguu unafaa sana. Udongo mweusi wa mbugani usiuguse: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Usichanganye nyasi pia, kwa sababu mchwa wa huku watazifuata. Kabla ya kutandaza chumba kizima, tengeneza vipande vya majaribio vya vipimo tofauti, uviache vikauke, uchague kile kisichopasuka na kisichomeguka.

Kisha subiri. Sakafu ikauke kabisa, ndiyo maana kazi hii ni ya kiangazi, baada ya masoko ya tumbaku na kabla ya mvua za Novemba. Ndipo mafuta yapakwe, mkono baada ya mkono, mpaka udongo ukatae kunywa zaidi, na yanayobaki juu yafutwe. Hapa ndipo wengi watakapotaka kuokoa fedha na kuharibu. Mafuta ya karanga na ya mawese hayakauki, yatanata na kukusanya vumbi. Alizeti hukauka kwa kusuasua. Yanayofaa ni yale yanayoganda yakikutana na hewa, kama mafuta ya kitani, ambayo mafundi wa mbao huyaita linsidi. Na tahadhari moja ya uhai: matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa pembeni hupata joto na kuwaka moto yenyewe. Yaloweke kwenye maji au yaanike nje moja moja.

Sakafu hii ina mipaka yake. Haifai bafuni wala mahali maji yanaposimama. Inataka nyumba iliyoinuliwa juu ya usawa wa uwanja, na baada ya miaka itahitaji kupakwa mafuta tena. Miguu ya kitanda cha chuma iwekewe vibao.

Anayeona aibu akumbuke kwamba Ureno, inayotoa karibu nusu ya magome ya mti wa koki (cork) duniani, huyabandua magome hayo kila baada ya miaka tisa, na watu wa Ulaya hulipa fedha nyingi kuyatandika sakafuni na kuyamalizia kwa vanishi. Gome la mti, sawa na yale tunayotengenezea mizinga ya nyuki katika miombo ya Tabora, na hakuna anayemwita mwenye nyumba maskini. Heshima ya sakafu hiyo imetokana na umaliziaji.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Chuo cha ufundi cha VETA Tabora kiingize sakafu ya udongo uliozibwa katika mafunzo ya vijana wa uashi, kwa vipimo na kwa vitendo, ili mtu wa Kigwa apate fundi anayeijua. Na wewe uliyeweka fedha ya mifuko michache ya simenti isiyotosha chumba, usiimwage juu ya kifusi kilicholegea. Shindilia kwanza, jaribu udongo wako kwenye kona ya chumba kimoja kiangazi hiki, kisha ndipo uamue.