BEI POA, INJINI INAKOHOA: UNUNUE AU UPITE?

Wiki hii nina neno na wewe uliyechoka kubanana kwenye daladala. Vijisenti vyako vya upatu vimetulia, na sasa dalali anakunong'oneza kuna Corolla ya zamani inauzwa bei ya kutupa. "Kaugonjwa kadogo tu ka injini bosi wangu, fundi anamaliza kwa siku moja!"

Taratibu, mshikaji. Kama ni ugonjwa wa siku moja, mbona mwenye gari hajautibu akauza kwa bei nzuri?

Kwanza, nenda asubuhi na mapema, uguse boneti. Ukikuta ya moto, injini imeshapashwa, na injini mbovu huumbuka ikiwa ya baridi. Mwambie aiwashe, wewe simama nyuma. Moshi wa bluu maana yake inakula oili: ringi au sili za valvu zimechoka. Moshi mweupe kidogo wa asubuhi ni mvuke tu, lakini ukiendelea hata injini ikishapata moto, shuku kuwa maji yanaingia kwenye silinda, na hapo gasketi ya silinda hedi ina kesi ya kujibu. Mweusi una nafuu: mara nyingi ni petroli inayoingia kupita kiasi. Zima, chungulia oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimeshafunga ndoa. Na ukisikia "ko-ko-ko" nzito kutoka chini unapokanyaga mafuta, hizo huenda ni beringi za kranki. Usibishane, aga uondoke.

Pili, nenda na fundi wako, siyo wa dalali! Apime kompresheni silinda moja moja. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, jibu umelipata. Halafu linganisha namba ya injini na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari.

Tatu, hesabu. Tuseme anataka Sh 4,000,000, na Corolla nzima ya umri huohuo inauzwa Sh 6,000,000. Fundi anasema spea na ufundi ni Sh 1,500,000. Umeokoa laki tano? Thubutu! Injini ikifunguliwa hutoa siri zake zote, kwa hiyo ongeza nusu ya hesabu ya fundi. Hiyo ni Sh 750,000, na jumla inafika Sh 6,250,000. Bora ile nzima.

Sisemi usinunue kabisa. Nunua kama ugonjwa umetajwa na fundi wako mwenyewe, bodi haijaliwa na kutu, hesabu bado iko chini ya bei ya gari nzima, na hela ya matengenezo unayo mfukoni siku hiyohiyo. Ule wimbo wa "nitatengeneza mwezi ujao" ndio unaoua injini. Ukiiendesha huku inachemsha, silinda hedi inapinda, na bili ya gasketi inageuka bili ya injini nyingine.

Kwa kifupi, gari yenye injini mbovu ni ya mtu mwenye akiba, siyo ya mtu aliyemaliza akiba kuinunua. Shemeji yetu alikubali kupanda mbele, hakukubali kusukuma!

Piga hesabu kabla ya kupiga honi, usije ukachemsha kabla ya rejeta. Tukutane wiki ijayo.