Nundu ya Chini ya Ardhi si Pesa Mfukoni

Uvumi wa gesi ukizuka hapa Isiolo, hesabu huanza siku hiyo hiyo. Nani atapata kazi? Ploti iuzwe ngapi? Kampuni itakodi gari la nani? Swali tusilouliza ni moja tu: hiyo ramani yao inaonyesha nini hasa?

Mambo ni rahisi kuliko wanavyotuaminisha. Lori zito hutetemesha ardhi, au baruti hulipuliwa ndani ya shimo. Mawimbi hushuka, na yakigonga matabaka ya miamba, sehemu yake hurudi juu kama mwangwi. Vifaa vilivyopangwa ardhini hupima muda wa kwenda na kurudi, kisha kompyuta huugeuza kuwa picha. Wataalamu hutafuta mahali miamba ilipojikunja ikainuka kama nundu ya ngamia. Gesi ni nyepesi, hupanda. Ikikuta juu ya nundu kuna mwamba usiopitisha kitu, inakwama hapo.

Lakini wasee, shikeni hili: picha inaonyesha nundu, si gesi. Ndani yake panaweza kuwa na maji tu.

Si maneno ya kijiweni haya. Mwaka 2014, kampuni ya Africa Oil ilichimba kisima cha Sala-1 katika Bloku 9, kwenye bonde la Anza ambalo pia linapita kaunti yetu. Kilichimbwa juu ya nundu ya kilomita 80 mraba, na kilipojaribiwa kilitoa hadi futi za ujazo milioni 6 za gesi kwa siku. Nchi ikashangilia. Mwaka huo huo wakachimba Sala-2 juu ya nundu ile ile, sehemu iliyoinuka zaidi. Hawakupata kitu cha maana. Kabla ya hapo, kati ya 2009 na 2010, Wachina wa CNOOC walichimba Bogal-1 kupita mita 5,000 kwenda chini. Mpaka leo hakijawasha hata jiko moja.

Sasa fikiria mzee aliyekubali malisho yake yakatwe vipande kwa sababu kijana fulani wa mjini alimwambia "gesi imepatikana", kumbe ni lori tu lilipita likipima. Uvumi ukiisha, malisho hayarudi.

Sheria ya Petroli ya 2019 inasema katika mgao wa serikali, kaunti ipate asilimia 20 na jamii ya mahali husika asilimia 5. Ni sawa, lakini asilimia 5 ya kisima kikavu ni sufuri. Na kazi tunazopigania, za kufyeka njia na kubeba nyaya, huisha upimaji ukiisha.

Kwa hivyo, kabla lori lingine halijaingia Merti au Garba Tulla, kaunti iite baraza na kampuni ije na ramani, ielezwe kwa Kiborana, Kisomali, Kituruk­ana na Kiswahili. Waseme wameona nini, na nini bado ni kubahatisha. Nasi vijana tuwe mstari wa mbele kuuliza. Mimi sikumaliza chuo na nimeelewa. Hata wewe utaelewa. Usiuze ardhi kwa sababu ya picha ambayo hujaisoma.