Kabla ya kulipia nyumba, kubalianeni kodi ni ya nani

Chukua mfano. Nyumba ya vyumba vitatu Biharamulo mjini, kwenye kiwanja kilichopimwa na chenye hati, inauzwa Sh20 milioni. Baba amekopa Saccos, mama ameongeza akiba ya kikoba, fedha zimetimia. Mkataba unaandikwa mbele ya mwenyekiti, mashahidi wanatia saini, funguo zinakabidhiwa.

Miezi sita baadaye wanakwenda kubadilisha jina kwenye hati. Wanaambiwa kuna kodi haijalipwa. Muuzaji amehamia Kahama na simu yake haipatikani. Fedha iliyobaki nyumbani ni ada ya shule ya Januari.

Familia ya namna hii haikuibiwa. Ilipigia hesabu bei ya nyumba, ikasahau gharama ya kuifanya nyumba iwe yake.

Kodi ya muuzaji

Kodi kubwa kwenye mauzo ya nyumba ni ya ongezeko la mtaji. Inakusanywa na TRA na kisheria ni ya muuzaji, kwa kuwa yeye ndiye aliyepata faida. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, si ya bei yote.

Kama muuzaji wa nyumba yetu ana risiti na mikataba inayoonyesha kwamba kiwanja na ujenzi vilimgharimu Sh17 milioni, faida yake ni Sh3 milioni na kodi ni Sh300,000. Kama hana kumbukumbu zozote, hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini wa Serikali, ile iliyo kubwa. Kwa Sh20 milioni, hiyo ni Sh600,000. Risiti za saruji na mabati zilizotupwa zimemgharimu Sh300,000.

Upo msamaha. Nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi mwenyewe kwa miaka mitatu au zaidi haitozwi kodi hii, ikiwa faida haizidi Sh15 milioni. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wapangaji haimo. Anayestahili msamaha aende TRA na vielelezo vyake, asisubiri kufuatwa.

Mnunuzi asiseme haimhusu. Msajili wa Hati hawezi kusajili uhamisho bila uthibitisho wa TRA kuhusu kodi hii. Deni ni la muuzaji, lakini anayekwama ni mnunuzi.

Ushuru wa mnunuzi

Upande wa mnunuzi kuna ushuru wa stempu. Ni asilimia 0.5 kwa Sh100,000 za kwanza na asilimia 1 kwa kiasi kinachobaki. Kwa nyumba ya Sh20 milioni ni Sh199,500, na hulipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba kusainiwa.

Wengi huuruka kwa sababu hakuna anayewadai siku hiyo. Ubaya wake huonekana mgogoro unapofika mahakamani: mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe. Mara nyingi anayeushika mkataba huo siku hiyo ni mjane au mtoto, wakati aliyeusaini ameshazikwa.

Juu ya hapo weka gharama za uthamini, ada za uhamisho na nauli, maana ofisi ya ardhi ya mkoa iko Bukoba.

Kibanja cha kijijini

Sehemu kubwa ya ardhi ya Ngara na Biharamulo ni ya vijiji, nayo inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Anayenunua kibanja cha migomba na kahawa apate kwanza idhini ya halmashauri ya kijiji, kwa muhtasari wa kikao. Saini ya mwenyekiti peke yake haitoshi.

Kodi huku ni nafuu. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya kilimo ni Sh500, na shamba linalolimwa lenye thamani chini ya Sh10 milioni halitozwi kodi ya ongezeko la mtaji.

Kwa familia za Kabanga na Rusumo, ambako ndoa huvuka mpaka, ikumbukwe kwamba asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Jina linaloandikwa ni la mwenzi aliye raia.

Visivyo kodi ya uhamisho

Makato ya LUKU yaliyoanza 2021 ni kodi ya majengo. Hayathibitishi kwamba nyumba imehamishwa. Ile asilimia 10 inayodaiwa kwenye baadhi ya ofisi za mitaa na vijiji haimo katika sheria za ardhi wala za kodi. Malipo halali ya Serikali yana kontroli namba na risiti.

Kabla ya kukabidhi fedha

Mkataba utaje kila kodi na nani atailipa. Mkikubaliana mnunuzi alipe zote, bei ipungue kwa kiasi hicho. Bakizeni sehemu ya fedha mpaka muuzaji amalizane na TRA. Dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, kwa kuwa malimbikizo nayo huzuia uhamisho.

Hakikisheni mke au mume wa muuzaji ameridhia kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwingine.

Kwa nyumba ya mfano wetu, Sh20 milioni hazikutosha. Kama fedha zote ni hizo, itafutwe nyumba ya Sh19 milioni, na milioni inayobaki iandike jina la wazazi kwenye hati. Ada ya Januari isiguswe.