Mbwa Aliyengoja Mlangoni



Kijana mmoja anayefuatilia darsa zetu akiwa ughaibuni ameniuliza: "Shekhe, nimeangalia katuni nikamlilia mbwa. Je, imani yangu ina kasoro?" Swali limenipendeza. Nikaitafuta hiyo katuni, nikaiangalia mpaka mwisho.

Ni Futurama, ya Wamarekani, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1999. Kuna kijana anaitwa Fry, kazi yake kupelekea watu piza mjini New York. Usiku wa kuamkia mwaka 2000 anapeleka oda kwenye maabara, anatumbukia katika mashine ya kugandishia watu, anaamka baada ya miaka 1000. Kisa alichokililia kijana wetu kilitoka Novemba 2002. Fry anaingia jumba la makumbusho, anakuta mbwa aliyegeuka jiwe, anamtambua: ni Seymour, mbwa wake. Siku tatu anapiga kelele nje ya jumba lile mpaka wanampa. Mzee mmoja mwanasayansi anamwambia, huyu nitamrudisha hai na kumbukumbu zake zote.

Hapo nikatabasamu. Kufufua ni kwa Allah peke yake. Kondoo Dolly wa kule Scotland alizaliwa 1996, na Wakorea wa Kusini wakatoa mbwa kwa njia hiyo mwaka 2005, lakini yule ni mnyama mwingine aliyefanana na wa kwanza. Kumbukumbu haitoki kwenye maabara. Tuyaache hayo.

Kabla kazi haijaisha, mashine inatoa habari: mbwa huyu alikufa akiwa na miaka 15. Fry anapiga hesabu. Nilipopotea alikuwa na miaka 3, basi aliishi 12 bila mimi, maisha yake aliyapata, mimi amekwisha kunisahau. Anaamuru mashine izimwe. Halafu tunaonyeshwa sisi watazamaji, si yeye, mambo yalivyokuwa. Usiku ule alipokwenda na piza alimwambia mbwa amngoje. Na mbwa akangoja mbele ya mgahawa, mvua yake, theluji yake, mwenye mgahawa anazeeka na mbwa anazeeka, mpaka siku aliyolala chini akafumba macho.

Ndugu zangu, nani kati yetu asiyekumbuka Suratul Kahf? Tunaisoma kila Ijumaa. Vijana wamelala miaka 300 na kuzidishwa 9, na mbwa wao yuko pale kizingitini amenyoosha miguu ya mbele, aya ya 18. Ukifika aya ya 22 watu wanabishana walikuwa wangapi, watatu, watano, saba, na katika kila hesabu mbwa ametajwa. Sidai kwamba Wamarekani wameitoa huko. Nasema Muislamu aliyeizoea sura ile hana sababu ya kushangaa kwamba moyo wake umetikisika.

Najua watakaoandika hapa chini: "Mbwa ni najisi, Shekhe." Ndiyo, sisi Mashafi twasema najisi, na chombo alichokiramba kinaoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Lakini hiyo ni hukumu ya chombo chako na nguo yako. Haijampa mtoto wako ruhusa ya kumpiga mbwa mawe akitoka chuoni, na wazazi mpo barazani mnaangalia na kucheka! Katika Bukhari na Muslim yumo mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, Allah akamsamehe. Maswahaba wakauliza kama wanyama nao wana thawabu kwetu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawajibu kwamba kila chenye uhai kina ujira.

Sasa nirudi kwa Fry, maana mimi kilichoniuma si mbwa. Hesabu yake ilikuwa sawa: 15 toa 3 ni 12. Lakini miaka ile 12 hakuiona, akaijaza kwa dhana, kisha akatoa hukumu juu ya dhana. Suratul Hujurat aya ya 12 inatukataza hilo hasa.

Na nyinyi mlioko Muscat, London, Minneapolis, hesabu hii mnaipiga. "Mama hanipigii, basi ameshazoea." Mama hapigi kwa sababu hana vocha, au simu ameshika mjukuu, au anaona haya usidhani anaomba hela. Kijana aliyeniuliza aliongeza mwishoni mwa ujumbe wake kwamba mwaka wa pili huu hajazungumza na baba yake, kwa kuwa mdogo wake alimwambia mzee siku hizi hamtaji. Mwanangu, hamtaji mbele ya nani? Wazee wetu wangapi hutaja jina la mtoto kwenye sijida tu, ambako mdogo wako hasikii?

Mwaka 2007 ilitoka filamu ya katuni hiyohiyo, humo nakala ya Fry inarudi nyuma ya wakati na kuishi na yule mbwa. Wao wana filamu ya pili. Baba yako hana. Piga leo, na akipokea usianze na habari za pesa.

Kuhusu machozi: Mtume alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema machozi ni rehema. Mwenye kumlilia kiumbe wa Allah hana kasoro ya imani kwa kilio hicho. Ila Futurama msiwawekee watoto eti kwa sababu ni katuni. Ilitengenezwa kwa watu wazima, ina matusi na ulevi, na yule roboti wao hunywa pombe toka mwanzo hadi mwisho.

Wallahu a'lam.