Kazi za kompyuta: Muuzaji hajui bei ya soko

Katika mnada wa kahawa wa Nairobi, kila daraja la kahawa hutangaziwa bei yake. Mkulima wa Nyeri huenda asiridhike na bei hiyo, lakini anaweza kuijua, na makato yakizidi ana pa kuanzia kuhoji. Katika jiji hilo hilo kuna bidhaa nyingine inayouzwa nje kila siku bila kupitia mnadani wala bandarini. Bidhaa hiyo ni kazi ya kompyuta inayogawanywa vipande vipande na kufanywa na watu wengi.

Biashara hii si ngeni. Mwaka 2005 kampuni ya Amazon ya Marekani ilifungua soko liitwalo Mechanical Turk, ambako mwenye kazi huigawa katika vipande vidogo na mwenye kompyuta huchukua kipande na kulipwa ujira wake. Kupitia soko hilo watu wapatao 49,000 kutoka nchi 167 walichambua mamilioni ya picha za ImageNet, ambazo zimetumika kufundisha kompyuta kutambua vitu. Wanunuzi walivutiwa na wepesi huo pamoja na unafuu wa gharama.

Kenya iliingia mapema katika soko hili. Kampuni ya Sama, iliyoanzishwa mwaka 2008 kwa jina la Samasource, iliajiri vijana Nairobi ikisema maskini wanahitaji kazi kuliko misaada. Mwaka 2016 Serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital ili kuwasukuma vijana katika kazi za mtandaoni. Faida yake haipingiki, kwani wapo waliomaliza masomo bila ajira ambao sasa wanalipa kodi ya nyumba na karo za wadogo zao kwa fedha hizo.

Kasoro iko kwenye bei. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuwa OpenAI ya Marekani ilikubali kuilipa Sama dola 12.50 kwa saa kwa kazi ya kusoma na kuainisha maandishi machafu, ili mitambo yake ya akili mnemba ijifunze kuyakwepa. Waliosoma maandishi hayo walipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Sama ilitaja viwango vya juu zaidi, na ikaeleza kuwa dola 12.50 zililipia pia wasimamizi, ofisi na huduma nyingine. Huenda maelezo hayo ni ya haki. Hata hivyo, umma ulizijua tarakimu hizo kupitia gazeti, baada ya kazi kwisha.

Kasoro ya pili ni mnunuzi kuondoka ghafla. Mkataba huo ulivunjwa Februari 2022, miezi minane kabla ya wakati. Machi 2024 Remotasks, tawi la Scale AI, ilisimamisha shughuli zake Kenya na kuwaarifu wafanyakazi kwa barua pepe. Mkulima akikosa mnunuzi wiki hii, kahawa yake hubaki ghalani. Saa ya kazi isiyouzwa leo haiwekwi akiba.

Dawa yake haihitaji fedha za wafadhili. Serikali inayoyakaribisha makampuni haya iyatake yaweke wazi mambo matatu kabla kijana hajaanza kazi: kiwango anacholipa mnunuzi wa nje, fungu la wakala, na muda wa notisi. Msingi wa kisheria umeanza kuonekana, kwani Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kuwa kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa nchini humo na waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook.

Wapo watakaosema kuwa masharti yatawafukuza wanunuzi waende Uganda, India au Ufilipino. Hofu hiyo ina ukweli, na ndiyo sababu nchi za Afrika Mashariki hazina budi kukubaliana masharti ya pamoja badala ya kila moja kujinadi kwa bei ya chini. Zisipofanya hivyo, mnunuzi ataendelea kuwa mtu pekee sokoni mwenye orodha ya bei.