Istilahi mbovu yaweza kumuua fundi

Wapo wanaodai kwamba kuunda istilahi za Kiswahili ni mchezo wa wasomi wasio na kazi. Mimi nakataa, na ushahidi wangu nautoa mbali na darasa la fasihi: kwa fundi anayefunga nyaya za kipima oksijeni mahali penye gesi za kuwaka.

Hewa tuivutayo ina oksijeni asilimia 20.9 hivi. Katika matangi mengi ya kemikali hutiwa naitrojeni ili oksijeni ipungue, moto ushindwe kuwaka. Kipima oksijeni ndicho mlinzi wa kiwango hicho. Lakini mlinzi huyo hutumia umeme, na umeme huzaa cheche. Akifungwa vibaya, tumempa mchawi mwana atulelee.

Miongoni mwa njia za kuepusha balaa hilo, nitataja mbili. Ya kwanza ni kukitia chombo katika kasha nene la metali ambalo, hata gesi ikipenya na kulipuka humo, halipasuki wala halitoi mwali nje. Ya pili ni kuipunguza nishati ya saketi nzima hadi cheche yake isiweze kuiwasha gesi. Hapo kizuizi cha umeme huwekwa kati ya kipima na chumba cha kuongozea mitambo, na nyaya zake hutengwa na nyaya nyinginezo.

Masharti ya njia hizi hayafanani. Kasha la kwanza halifunguliwi penye gesi kabla umeme haujakatwa. Saketi ya pili yaweza kuhudumiwa umeme ukipita, mradi kanuni zifuatwe.

Sasa mfasiri asiye makini akiziita zote mbili "salama dhidi ya mlipuko", fundi aliyezoea ya pili atalifungua kasha la ya kwanza bila kukata umeme. Na akiifasiri ya pili neno kwa neno, "salama kwa asili", atadanganya kwamba usalama umo ndani ya chombo chenyewe. La hasha! Usalama huo ni wa chombo, waya na kizuizi kwa pamoja. Kimoja kikibadilishwa kiholela, usalama wote umekwisha.

Tarehe 14 Oktoba 1913, mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Senghenydd, huko Wales, uliua wachimbaji 439. Miongoni mwa vilivyoshukiwa ni cheche za nyaya za kengele. Uchunguzi wa umeme hafifu wa kengele za migodini ndio uliozaa elimu ya njia hii ya pili.

Napendekeza tuseme "kasha zuiamwali" na "saketi isiyowasha". Kila jina lieleze kile kinachomlinda fundi.

Watauliza: kwa nini fundi asisome Kiingereza? Na asome. Lakini maonyo mengi kazini hutolewa kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeifanya rasmi pamoja na Kiingereza. Onyo lisiloeleweka si onyo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa fizikia na wa Kiswahili waketi meza moja, na wanafunzi wao wawe mashahidi. Istilahi ikosolewe darasani, kabla haijakosolewa na moto.