*TAMKO LA TAWI – MAMBA: TANGAWIZI ILIMWE, CHEMCHEMI ZIBAKI*



Maandalizi ya mashamba yameanza na moshi umeanza kuonekana kwenye miteremko. Kamati ya Tawi imeona itoe msimamo sasa, kabla mbegu ya tangawizi haijaingia ardhini, kwa sababu ikishaingia itakuwa ugomvi.

Habari za gesijoto tunazisikia redioni tukidhani ni za Ulaya. Ni kweli mzigo mkubwa ni wao. Takriban robo tatu ya gesijoto zote duniani hutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi, na Afrika nzima haifikishi asilimia 5 ya hewa ukaa inayotokana na nishati hizo. Hilo tuliseme bila woga, na mwenye deni alipe. Lakini hapa Tanzania chanzo kikubwa si bomba la kiwanda. Ni shoka, moto wa shamba na mafiga matatu. Takwimu za Serikali zinasema nchi inapoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Mti ni ghala la hewa ukaa. Ukikatwa na kuchomwa ghala limefunguliwa, na udongo ulioachwa uchi nao unatoa ya kwake.

Kwetu hasara haisubiri miaka 50. Hewa ukaa inakwenda angani kwa watu wote, ila chemchemi ikikauka inakauka kwetu. Na Goha hatujaisahau. Novemba 2009 mlima uliporomoka usiku wa mvua, tukazika ndugu zetu wasiopungua 20. Mvua ile ilikuwa kubwa na hatumlaumu mtu. Tunachosema ni kwamba dunia inavyozidi joto mvua kubwa zinaongezeka, na mteremko usio na mizizi hauna cha kuushika.

Sasa tangawizi. Zao hili limejenga nyumba na kusomesha watoto, na Tawi hili halitalipiga vita. Lakini linapenda unyevu, ndiyo maana limeshuka mabondeni hadi kwenye macho ya maji, na kulivuna ni kupindua udongo wote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka chanzo cha maji. Wazee wetu waliochimba ndiva na kupanga zamu za mifereji hawakuwa na sheria hiyo kwenye karatasi, lakini walijua maji yanalindwa kuanzia juu.

Kwa hiyo Tawi linasema hivi:

*1. Mita 60 ziheshimiwe, na mtu asifyekewe zao.* Tangawizi iliyoko ndani ya mita 60 ivunwe na mwenyewe kwa wakati wake. Ikishavunwa isirudishwe, ipandwe mikuyu na miti mingine ya asili, siyo mikaratusi. Wapo ambao shamba hilo ndilo pekee walilonalo. Tunaiomba Serikali ya Kijiji iwaorodheshe na suala lao lizungumzwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya msimu. Kumwambia mjane atoke bila kumwonyesha pa kwenda si uhifadhi.

*2. Mabaki ya shamba yasichomwe.* Majani unayoyachoma leo ndiyo matandazo ya tangawizi yako kesho. Yanatunza unyevu, yanazuia udongo kuondoka na mvua, na yakioza ni mbolea. Moto ukikuponyoka ukapanda msitu wa Chome, hautazimwa na mtu mmoja.

*3. Jikoni.* Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaagizwa kuacha kuni na mkaa. Tunaunga mkono. Lakini mama wa Mamba anajua kwamba kazi haiko kwenye kupata mtungi. Iko kwenye kuujaza, gesi inapoisha na gari halipandi kwa sababu ya utelezi. Tunamwomba Mheshimiwa Diwani alisukume hili: wakala wa kujaza mitungi awe huku juu, siyo Same mjini. Kabla hajafika, majiko banifu ya udongo yanajengeka kwa mikono yetu na yanapunguza kuni sana. Mkaa ndio mbaya zaidi, kwani kilo 1 kwenye tanuri la kienyeji hula kilo 6 hadi 10 za kuni.

*4. Wenye ng'ombe wa ndani.* Kinyesi kilichorundikwa kwa wingi kikioza bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha joto kuliko hewa ukaa karibu mara 28 kwa kipindi cha miaka 100. Kikiingia kwenye mtambo wa biogesi, methani hiyo hiyo inaivisha maharage, na masalia yanarudi shambani. CAMARTEC ya Arusha wana utaalamu huo. Wenye ng'ombe wawili na zaidi wajiandikishe kwa balozi ili tuombe mafunzo kwa pamoja.

*5. Biashara ya kaboni.* Kanuni zipo tangu 2022, na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimeshapata fedha kwa kutunza misitu yao. Ni fursa. Lakini mtu yeyote akija na karatasi ya kusaini kuhusu msitu wa kijiji, jibu ni moja: apite mkutano mkuu wa kijiji na Halmashauri kwanza.

Ndugu zetu wa Ndungu wanalima mpunga kwa maji yanayoshuka kutoka milima hii. Tukiharibu huku juu, wao ndio watakaotangulia kulia.

*Msaragambo* wa kupanda miti kwenye vyanzo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 1 asubuhi. Kila shina lije na majembe na miche. Viongozi wa Tawi watatangulia, na kiongozi mwenye shamba ndani ya mita 60 ataanza na la kwake mbele ya wananchi. Sheria haiulizi kadi.

Mabalozi, sambazeni kwenye magrupu ya mashina, na wasio na simu wasomewe.

*Imetolewa na:*
Ofisi ya Katibu Mwenezi wa Tawi
Mamba, Same